Mto Mmoja, Ziwa Moja: Filamu ya Safari ya Ernesto Guevara na Yale Iliyoyaacha Njiani

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuichambua filamu iitwayo The Motorcycle Diaries, iliyotoka mwaka 2004, kwa kuiweka ana kwa ana na historia. Filamu iliongozwa na Walter Salles wa Brazil, na mchezo wake uliandikwa na José Rivera. Inasimulia safari ya vijana wawili wa Argentina, Ernesto Guevara na Alberto Granado, waliokatiza Amerika ya Kusini mwaka 1952. Ernesto ndiye yule ambaye baadaye dunia ilimwita Che. Kwetu sura yake haina ugeni: iko kwenye fulana, iko nyuma ya mabasi na bajaji, iko kwenye kuta za vibanda vya vinyozi. Lakini hebu muulize aliyeivaa jamaa huyu alitokea wapi na alipitia wapi mpaka akawa Che. Mara nyingi utaambulia tabasamu.

Filamu inalijibu swali hilo kwa njia tamu sana. Inasema: tembea uone. Kijana wa familia ya nafasi alitoka nyumbani, akawaona maskini, moyo wake ukageuka, akawa mwanamapinduzi. Mimi sipingi kwamba safari ile ilimgusa. Ninachosema ni kwamba filamu inaamini kuona kunatosha. Historia, pamoja na maandishi ya Guevara mwenyewe, inatuambia kuona ni nusu tu ya safari. Nusu ya pili ni kusikia, na kusikia kunataka lugha. Ushahidi mkubwa wa jambo hili hauko Amerika ya Kusini hata kidogo. Uko huku kwetu, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na lugha inayohusika ni hii ninayoiandikia makala.

Safari yenyewe

Tuanze na mambo yalivyokuwa. Ernesto Guevara alizaliwa Rosario, Argentina, mwaka 1928. Mwaka 1952 alikuwa na miaka 23, mwanafunzi wa udaktari aliyebakiza kidogo kumaliza, mgonjwa wa pumu tangu utotoni. Mwenzake Granado alikuwa na miaka 29, mtaalamu wa biokemia aliyewahi kufanya kazi na wagonjwa wa ukoma. Chombo chao kilikuwa pikipiki aina ya Norton 500, kuukuu, waliyoibatiza La Poderosa, maana yake Mwenye Nguvu. Jina lilikuwa la mzaha, maana pikipiki yenyewe ilikuwa inaangusha na kuvuja kila siku. Walitoka Buenos Aires mwanzoni mwa Januari 1952. Wakapita Miramar kumuaga mchumba wa Ernesto, wakavuka milima kuingia Chile, na huko pikipiki ikafa kabisa. Kuanzia hapo walikwenda kwa miguu, kwa malori ya watu, kwa meli na kwa kuomba omba.

Katika jangwa la kaskazini mwa Chile walilala baridi na mfanyakazi wa migodi na mkewe, wakomunisti waliokuwa wakitafuta kazi wakati chama chao kimepigwa marufuku. Wakafika mgodi wa shaba wa Chuquicamata, uliokuwa mikononi mwa kampuni ya Kimarekani ya Anaconda. Wakaingia Peru, wakaona Cuzco na magofu ya Machu Picchu. Mjini Lima walipokewa na Dakta Hugo Pesce, bingwa wa ukoma na mfuasi wa fikra za Marx, aliyekuwa karibu na mwanafikra mkubwa wa Peru, José Carlos Mariátegui. Mwezi Juni walifika kituo cha wagonjwa wa ukoma cha San Pablo, kando ya mto Amazon, na hapo Ernesto akatimiza miaka 24. Wakaondoka kwa chelezo waliyotengenezewa na wagonjwa, wakapita Kolombia, wakaachana Caracas, Venezuela, mwezi Julai. Granado alibaki kufanya kazi, Ernesto akapanda ndege.

Baada ya kurudi, Ernesto aliyachukua maandishi yake ya njiani akayaandika upya. Nukta hii naomba msomaji aishike. Kitabu tunachokisoma leo si kile kilichoandikwa chini ya mti na mtu mwenye vumbi usoni. Ni kazi ya mtu aliyeketi nyumbani akijisoma. Mwenyewe anatuonya mwanzoni kwamba yule aliyeziandika kumbukumbu zile hayupo tena. Kwa hiyo hata kabla ya Salles kushika kamera, safari ile ilikwisha kuhaririwa mara moja. Filamu imechota kwenye kitabu hicho na kwenye kumbukumbu za Granado, ambaye alikuwa hai wakati inapigwa picha na anaonekana mwishoni, mzee, akitazama angani. Alifariki Havana mwaka 2011.

Fani: jinsi filamu inavyotushika

Kwa upande wa fani, tuseme ukweli, kazi imefanyika. Gael García Bernal anamwigiza Ernesto kwa upole: mtu asiyejua kucheza dansi, asiyejua kusema uongo, anayevuta pumzi kwa tabu. Rodrigo de la Serna, ambaye kwa damu ni ndugu wa Guevara, anamwigiza Granado kwa ucheshi wa mtu wa mjini anayependa kula na kupenda wasichana. Wahusika hawa wawili wanategemeana kama pacha wa ngano zetu: mmoja moyo, mwingine tumbo. Mwanzoni tunacheka nao, na kicheko hicho ndicho kinachotufungua ili baadaye tuumie.

Mandhari nayo inatumiwa kwa akili. Pikipiki inapokuwapo, kamera iko mbali, tunaona milima, maziwa na theluji. Nchi ni pambo. Pikipiki ikishakufa, kamera inashuka. Vijana wanakwenda kwa miguu na sasa tunaona nyuso. Mjini Cuzco mwongozaji aliwachanganya waigizaji wake na watu wa kawaida wa mahali pale, wakazungumza bila maneno yaliyoandikwa kabla. Kila baada ya muda filamu inasimama, inaleta picha nyeusi na nyeupe za wachimba migodi, wakulima, akina mama, wamesimama kimya wakitutazama. Ni mbinu yenye nguvu. Tunajisikia kuwa tunatazamwa.

Lakini angalieni neno hilo: kimya. Watu hawa hawasemi. Wanatazama na kutazamwa. Katika kipande cha Cuzco akina mama wanazungumza Kikechua, na inabidi mwingine awatafsirie ili Ernesto aelewe. Filamu inapita hapo haraka, kama jambo dogo la njiani. Mimi naona hapo ndipo palipokuwa na mlango, na filamu haikuufungua. Na sisi tuliokuwa tunaitazama tulikuwa mbali zaidi: Kikechua kimetafsiriwa Kihispania, Kihispania kimeandikwa Kiingereza chini ya kioo, nasi tunakigeuza Kiswahili vichwani. Mama yule alisema nini hasa? Kilichotufikia ni mwangwi wa mwangwi.

Kilele cha filamu ni mto. Katika kituo cha San Pablo, wafanyakazi na watawa wanaishi upande mmoja, wagonjwa upande mwingine. Ernesto na Granado wanakataa kuvaa glavu, wanawashika wagonjwa mikono, wanacheza nao mpira. Usiku wa sikukuu ya kuzaliwa kwake Ernesto anatoa hotuba kwamba mipaka ya nchi za Amerika ya Kusini ni ya uongo, watu wote wale ni taifa moja. Halafu anatoka nje, anajitupa mtoni, anaogelea gizani kuelekea kwa wagonjwa, pumu inambana, huku Granado anapiga kelele na wagonjwa wanamshangilia kutoka ng'ambo. Hotuba ni ya kweli, iliandikwa katika kitabu chake. Kuogelea pia kulikuwapo, lakini kitabu hakikuunganishi na usiku ule. Ni mwongozaji aliyeyafunga mawili haya pamoja ili tupate ishara moja kubwa: mtu aliyeuvuka mto wa tabaka.

Hata wimbo wa filamu, alioutunga Jorge Drexler wa Uruguay, jina lake lina maana ya upande wa pili wa mto. Mwaka 2005 wimbo huo ulipata tuzo ya Oscar, wimbo wa kwanza wa Kihispania kuipata. Na kumbe siku ya sherehe mwenye wimbo hakupewa nafasi ya kuuimba; walipewa watu wenye majina makubwa zaidi. Alipopanda kuchukua tuzo yake, badala ya hotuba akaimba mistari michache bila ala. Nalitaja jambo hili kwa sababu linafanana na filamu yenyewe: watu wanapendwa, ila sauti yao inapita kinywani mwa mwingine.

Yaliyoachwa njiani

Wapo watakaoniambia: ndugu, sanaa si historia, msanii ana uhuru wa kuchagua. Nakubali. Lakini sisi wahakiki tumefundishwa kwamba kuchagua ni kusema. Kinachoachwa nje ya fremu nacho kina itikadi yake. Nitataja mambo matatu.

La kwanza ni mgodi. Katika filamu, Chuquicamata ni msimamizi anayewachagua wafanyakazi kama mifugo, lori linaondoka, na Ernesto kwa hasira analirushia jiwe. Inachoma moyo. Lakini katika kitabu chake Guevara anafanya kazi nyingine kabisa. Anaeleza shaba inavyochimbwa na kusafishwa, nani anamiliki, wafanyakazi wanalipwaje, mgomo unaonukia, na anahitimisha kwamba Chile haina budi kumshusha mgongoni rafiki yake wa Kimarekani. Huyo ni kijana anayeanza kusoma uchumi, si kijana anayerusha mawe. Filamu imechukua sura ya mke na mume ikaacha hesabu. Matokeo yake tunawahurumia maskini bila kujua nani amewafanya maskini. Chile yenyewe ilielewa hesabu hiyo: mwaka 1971, chini ya Salvador Allende, ilitaifisha shaba yake. Na hatima ya Allende mwaka 1973 tunaijua.

La pili ni wakati. Ukiitazama filamu utadhani mwaka 1952 bara lile lilikuwa limelala likimsubiri Ernesto aamke. Si kweli. Tarehe 10 Machi 1952, vijana hawa wakiwa Chile, Fulgencio Batista alipindua serikali ya Cuba. Mwezi Aprili, wakiwa Peru, wachimba migodi wa Bolivia walishika silaha na mapinduzi yakafanyika jirani kabisa na walipokuwa wakipita. Tarehe 26 Julai, siku ambayo Ernesto anaruka kutoka Caracas, Eva Perón alifariki nyumbani kwao Argentina. Watu walikuwa tayari wanapigana, wanapindua, wanapinduliwa. Siasa ya Guevara ilikomaa zaidi katika safari yake ya pili: Bolivia mwaka 1953, halafu Guatemala, ambako mwaka 1954 aliiona kwa macho yake serikali ya Jacobo Árbenz ikiangushwa kwa mkono wa Marekani, halafu Mexico, ambako mwaka 1955 alikutana na Fidel Castro. Barabara ya mwaka 1952 ilikuwa darasa la kwanza tu. Filamu imeifanya ndiyo shahada.

La tatu ndilo zito kwetu. Katika kurasa za Caracas, mwishoni mwa safari hii hii, kijana yule yule aliyehutubia umoja wa watu wa Amerika anawaelezea watu weusi wa mji ule. Anasema ni wavivu, waota ndoto, watu wasiopenda maji ya kuoga, wanaotupa senti zao kwenye ulevi na upuuzi. Anawalinganisha na wahamiaji wa Kireno, ambao anadai wana utamaduni wa kazi na akiba. Maneno hayo yako kitabuni. Filamu inafika Caracas, lakini kurasa hizo haizifungui.

Nafahamu kwa nini. Mtu ameshavuka mto, watazamaji wameshalia, nani anataka kuharibiwa shughuli? Lakini jamani, sisi tunaosoma filamu hii Dar es Salaam, Nairobi au Bukavu, tukubali kufichwa? Sitaki kurasa hizo zitumike kumtupa Guevara jalalani. Nataka zirudishwe mahali pake ili tuone alianzia wapi. Tarehe 11 Desemba 1964 mtu huyo huyo alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa akalaani ubaguzi wa Afrika ya Kusini, akalaani mauaji ya Lumumba na uvamizi wa Kongo, akazungumzia wanavyotendewa watu weusi wa Marekani. Kati ya Caracas ya 1952 na New York ya 1964 kuna safari ndefu kuliko ile ya pikipiki. Filamu, kwa kumsafisha kijana wa Caracas, imetunyima kuiona safari hiyo. Mtu ambaye hakuwahi kuwa na giza hatuwezi kusema alipata mwanga.

Macho ya msafiri

Kabla hatujanyoosha vidole sana, tutazame kapu letu. Fasihi ya safari kwa Kiswahili si jambo la jana. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, mkusanyo wa masimulizi ya watu wa pwani wenyewe. Mmoja wao, Selemani bin Mwenye Chande, anasimulia safari ya bara. Mwingine, Salim bin Abakari, anasimulia alivyokwenda Urusi hadi Siberia. Na yako Maisha ya Tippu Tip, msafiri na mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyelivuka Ziwa Tanganyika na kujijengea himaya Manyema. Ni maandishi matamu. Lakini hesabuni humo neno washenzi linajitokeza mara ngapi. Watu wa bara, wenye lugha zao, falme zao na mila zao, wanawekwa wote kwenye gunia moja kwa neno hilo.

Ndiyo maana nasema barabara peke yake haifundishi. Msafiri huondoka nyumbani na mzigo wa aina mbili: ule wa mgongoni na ule wa machoni. Wa mgongoni unaibiwa au unauzwa njiani. Wa machoni unafika nao mpaka mwisho wa safari. Selemani alikuwa nao, Ernesto alikuwa nao, na sisi tunaotoka chuoni kwenda vijijini kufanya utafiti tunao. Filamu za safari, na hii ikiwemo, zinapenda kutuambia kwamba kilomita zinausafisha mzigo huo zenyewe. Safari hii ilikuwa na kilomita zaidi ya 8,000, na Caracas ilikuwa mwisho wake.

Ziwa

Sasa tuje ng'ambo ya ziwa. Miaka 13 baada ya San Pablo, Guevara alivuka maji mengine usiku. Mwezi Aprili 1965 aliingia Dar es Salaam kwa siri, kwa jina la bandia na sura iliyobadilishwa, akaenda Kigoma, na tarehe 24 Aprili akafika Kibamba, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika. Alikwenda kuwasaidia wapiganaji waliokuwa wakiendeleza vita baada ya kuuawa kwa Lumumba. Wacuba waliomfuata walizidi mia moja, na wengi wao walikuwa weusi. Majina yao ya kivita waliyatoa kwenye Kiswahili, na walianza kwa kuhesabu: Víctor Dreke akawa Moja, José María Martínez Tamayo akawa Mbili, na Che akawa Tatu. Mwanzoni alijitambulisha kama daktari na mkalimani wa Kifaransa. Kijana wa Kikongo, Freddy Ilanga, alipewa kazi ya kumtafsiria na kumfundisha Kiswahili.

Matokeo tunayajua. Viongozi wa wapiganaji, akiwemo Laurent Kabila, walikuwa nje zaidi kuliko msituni. Wapiganaji walitegemea dawa ya mganga iwazuie risasi, jambo ambalo Mtanzania yeyote aliyesoma habari za Maji Maji ya 1905 hadi 1907 halimshangazi. Shambulio la Bendera mwishoni mwa Juni lilishindwa, Wacuba wanne wakauawa, na adui akajua kwa ushahidi kwamba Wacuba wapo. Tarehe 21 Novemba 1965 Guevara aliwavusha watu wake kurudi Kigoma. Siku chache baadaye Mobutu alitwaa madaraka Kinshasa, mji ulioitwa Léopoldville wakati huo. Guevara akajificha katika ubalozi wa Cuba, Dar es Salaam, na humo, ndani ya mji wetu, akaandika kitabu kingine cha safari. Anakianza kwa kukiri kwamba hii ni historia ya kushindwa. Kitabu hicho kilikaa kabatini kwa miaka mingi; kilikuja kutoka kwa ukamilifu mwaka 1999.

Mwishoni mwa kitabu hicho Guevara anajihukumu mwenyewe, na kati ya makosa anayojitwisha liko hili: hakujifunza Kiswahili kwa haraka wala kwa kina cha kutosha. Anaeleza na sababu. Alikuwa anajua Kifaransa. Kifaransa kilimwezesha kuzungumza na viongozi, lakini kilimtenga na askari wa kawaida.

Mimi nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini. Ndugu zangu, hili ni jambo la kusomwa katika kila darasa la Kiswahili. Mtu aliyeuvuka mto Amazon kwa kuogelea, katika filamu, anashangiliwa kwa sababu mwili wake umefika. Mtu yule yule anavuka ziwa letu kwa boti, mwili unafika, silaha zinafika, dawa za hospitali zinafika, na yeye mwenyewe hafiki. Amerika ya Kusini barabara ilimfundisha kwa Kihispania, lugha ya mama yake, kwa hiyo hakuona kwamba lugha ni barabara. Mama wa Cuzco na Kikechua chake alikuwa tayari amemwonyesha, na filamu ingeweza kutuonyesha. Ilihitajika Kongo, na Kiswahili, ili alijue hilo kwa uchungu.

Na historia ina kejeli zake. Kiswahili alichokikosa Guevara hakikuota chenyewe kule Fizi na Baraka. Kwa sehemu kubwa kilifikishwa mashariki mwa Kongo na misafara ile ile ya kina Tippu Tip, ya pembe na watumwa. Lugha ya waliowaita watu washenzi ikaja kuwa lugha ya watu hao wenyewe, wakaigeuza wapendavyo, wakaiimbia, wakapigania ndani yake. Wazungumzaji waliichukua wakaifanya yao. Mwanamapinduzi aliyekuja kuwakomboa ndiye aliyebaki nje ya mlango.

Kwa nini haya yatuhusu

Swali la haki ni hili: je, ni halali kuidai filamu ya mwaka 1952 ituonyeshe mwaka 1965? Siidai hivyo. Filamu ina haki ya kuishia Caracas. Ninachodai ni kwamba iishie Caracas ya kweli, na kwamba sisi tusiitoe ukumbini kama jibu kamili. Salles mwenyewe anapoleta zile picha nyeusi na nyeupe za watu waliosimama kimya, anatuachia swali bila kukusudia: hawa wakifungua vinywa, nani atawaelewa?

Swali hilo halimhusu Che peke yake. Linamhusu daktari kijana anayepangiwa wilaya ambayo lugha yake haijui, akaandika dawa bila kumsikia mgonjwa. Linamhusu mtaalamu wa maendeleo anayefika kijijini na karatasi za Kiingereza, akazungumza na mwenyekiti na katibu, akarudi mjini akaandika kwamba wananchi wamekubali. Linawahusu wanasiasa wetu wa kushoto na wa kulia, ambao hotuba zao za ukombozi zimejaa istilahi ambazo anayekombolewa hazijui. Kifaransa cha Guevara kina ndugu wengi. Kinatufungulia ofisi na kutufungia nyumba.

Hitimisho

Katika makala haya nimejaribu kuonyesha kwamba The Motorcycle Diaries ni filamu nzuri yenye nusu ya ukweli. Fani yake inatufanya tupende, na kupenda si jambo dogo. Lakini imeuondoa uchumi wa shaba ikabakisha huruma, imeuondoa mwaka 1952 ikabakisha mandhari, na imeziondoa kurasa za Caracas ikabakisha malaika. Mtu halisi ni mkubwa kuliko malaika huyo, maana alianza na macho machafu kama yetu, akajirekebisha mbele ya dunia, na alipokwama aliandika kwamba amekwama na kwa nini. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani.

Guevara aliuawa La Higuera, Bolivia, tarehe 9 Oktoba 1967. Filamu inamwacha kijana, angani, uso umejaa mawazo. Anayetaka kumjua vizuri akitoka ukumbini asikitafute kitabu cha pikipiki peke yake. Atafute na kile kilichoandikwa Dar es Salaam, chumbani, na mtu aliyekuwa na miaka 37 aliyeorodhesha kutojua Kiswahili miongoni mwa makosa yake. Na wenzangu wa idara za fasihi, kazi ipo: sijawahi kukiona kitabu hicho kwa Kiswahili, na sioni lugha nyingine inayokidai zaidi. Nani anaanza?